Tupeane uzoefu: sura, milango na maandazi kwenye miamba ya Mirihi, mnazichunguzaje hizi picha?

Mjukuu_wa_Kalenga
Kamwene wadau. Ile picha ya "mlango" wa sayari ya Mirihi, uwazi mwambani unaofanana na mlango, imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii na maneno kwamba kuna viumbe wanaingia na kutoka mle. Sisi wa Iringa tumezungukwa na mawe yenye sura. Gangilonga lenyewe, kwa Kihehe, ni jiwe linaloongea. Wanaojua kusoma picha za miamba waje hapa. Mnaanzia wapi?

Fundi_Picha_Soweto
Anza na ukubwa, mkuu, mengine yote baadaye. Mlango huo ulipigwa picha na roboti Curiosity tarehe 7 Mei 2022 kwenye miteremko ya Mlima Sharp huko huko Mirihi. Kimo chake ni sentimita 30, upana 40. Kuku anapita, mbuzi haingii. Ni mahali ambapo nyufa zimekutana na kipande cha mwamba kikamegeka. Wanaousambaza hukata pembeni mwa picha, wanabakiza uwazi peke yake, halafu wanaukuza. Mirihi hakuna mti wala nyumba ya kupimia, basi jicho linaazima kipimo cha milango ya huku kwetu.

Dawa yake: tafuta picha nzima kwenye tovuti ya NASA, shirika la anga la Marekani, zipo wazi kwa kila mtu na kila moja ina tarehe. Angalia kama kuna gurudumu la roboti au alama zake mchangani. Gurudumu la Curiosity lina kipenyo cha sentimita 50, hiyo ndiyo rula yako. Lakini rula iwe karibu na kitu unachopima. Gurudumu lililo mbele halipimi mwamba ulio mbali nyuma.

NjombeBaridi
Kweli kabisa. Hata yule "mtu aliyekaa" aliyeonekana kwenye picha za roboti Spirit ni kijiwe cha sentimita 6 hivi.

Mwl_Jiografia_Mafinga
Niongeze jua, maana ndilo lililoizaa ile sura maarufu ya mtu kwenye kilima cha Mirihi. Chombo Viking 1, kikiizunguka Mirihi, kilipiga picha eneo la Cydonia tarehe 25 Julai 1976. Jua lilikuwa chini, kama nyuzi 20 juu ya upeo, kwa hiyo vivuli vilikuwa virefu na upande mzima wa kilima ulikuwa gizani. Kila pikseli, yaani kidoa kimoja cha picha, ilibeba mita zipatazo 43 za ardhi. Kilima cha upana wa kilometa 2 kinapata pikseli zisizofika 50. Jicho zima ni vidoa vichache tu! Kuna na nukta nyeusi zilizotokana na data kupotea njiani, mojawapo ikaangukia pale pale penye tundu la pua. NASA walipoitoa picha walieleza kwamba ni mwanga na kivuli, ila watu walishika sura wakayaacha maelezo.

Aprili 2001 chombo kingine, Mars Global Surveyor, kikakipiga kilima kile kile kwa mita 1.56 kwa pikseli. Sura hakuna, kuna kilima cha juu bapa kilicholiwa kingo.

Jaribio la darasani: sinia la mchanga, jiwe la ukubwa wa ngumi, tochi moja, dirisha lizibwe. Tochi ikae mita 1 kutoka kwenye jiwe, iinuliwe sentimita 36. Hiyo ni nyuzi 20. Piga picha ukiwa juu, sinia likiwa chini yako. Kisha sogeza tochi hadi nusu mita, iinue sentimita 87, hapo ni nyuzi 60. Piga tena bila kugusa jiwe. Picha ya kwanza ipunguze hadi pikseli 50 kwa upana, halafu ikuze. Kosa la kawaida ni kuacha taa ya dari ikiwaka, vivuli vinafifia na tofauti haionekani.

Uyole_Juu
Nenda Isimila, kwenye korongo letu la nguzo za udongo hapa Iringa, saa 12 na nusu asubuhi, kisha saa 6 mchana, usimame pale pale. Nguzo yenye pua asubuhi, mchana haina pua.

Mchanga_Chunya
Hapo kwa Isimila ngoja kidogo. Nguzo zile zimechongwa na maji ya mvua kwenye mashapo laini, yaani tabaka za mchanga na matope. Mirihi ya leo hakuna mvua, hewa yake haifiki asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu. Kinachochonga kule ni upepo wenye vumbi, kwa muda mrefu mno. Tusichanganye.

Uyole_Juu
Nimeongelea kivuli, ndugu yangu, sijaongelea maji. Na hata hivyo tabaka za chini za Mlima Sharp ni mashapo ya ziwa la kale. Maji yaliyalaza, upepo ukayachonga.

Mchanga_Chunya
Kwa mashapo nakubali. Kwa uchongaji sirudi nyuma. Na mvutano wa kule ni asilimia 38 ya huu wetu, hilo nalo linasaidia vijiti vyembamba vya mwamba kusimama bila kuanguka, watu wanadhani ni mifupa au matawi.

Binti_Tukuyu
Mnasahau andazi! Desemba 2013, roboti Opportunity, siku ya 3,528 ya kazi yake, mwamba mtupu. Siku ya 3,540, Januari 2014, mahali pale pale, pametokea jiwe jeupe kingoni, jekundu katikati, kama andazi lenye jemu. Limetoka wapi? Watu wakasema uyoga, mtu mmoja akafungua kesi mahakamani Marekani NASA walazimishwe kulichunguza. Vipimo vikaonyesha manganisi na salfa nyingi. Roboti iliposogea kidogo likaonekana jiwe mama, limevunjwa na gurudumu lake lenyewe. Kipande kiliruka kikatua kifudifudi.

NjombeBaridi
Duh. Siku 12 tu!

Mjukuu_wa_Kalenga
Dada, hii ya kesi imenishika kuliko mlango. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ni nini", tunauliza nani alipita hapo?

Binti_Tukuyu
Ndiyo kaka, fungua picha za siku zilizotangulia. Picha moja haitoshi kamwe.

KimondoMbozi
Samahani nikichomeka: Kimondo chetu cha Mbozi nacho si kipande cha Mirihi? Kina mashimo kama macho.

Mchanga_Chunya
Hapana, mkuu. Kile ni chuma kwa takriban asilimia 90, kilichobaki sehemu kubwa ni nikeli. Vimondo vya Mirihi ni mawe ya volkano. Vilitambuliwa kwa hewa iliyonaswa ndani yake, ikafanana na hewa ya Mirihi iliyopimwa na Viking.

Fundi_Picha_Soweto
Tahadhari nyingine: msipitishe picha kwenye programu za simu za kunoa. Zimefundishwa kwa sura nyingi za watu, zikiona madoa mawili na mstari zinachora kope. Badala yake geuza picha ili mwanga utoke juu. Ubongo umezoea jua la juu. Mwanga ukitoka chini, shimo linaonekana kilima.

Mwl_Jiografia_Mafinga
Kugeuza sikushauri kwa wanaoanza, watapata sura mpya ambayo haikuwepo. Afadhali wafunike nusu kwa karatasi. Ile "sura ya dubu" ya Mirihi iliyopigwa picha Desemba 2022, yenye upana wa kilometa 2 hivi, ukiziba mashimo mawili ya macho unabaki na kilima kilichoporomoka na ufa wa mviringo.

Fundi_Picha_Soweto
Mwalimu, ukifunika hujajua shimo ni lipi na kilima ni kipi.

Uyole_Juu
Mwalimu, ile tochi, ya simu inafaa?

Mwl_Jiografia_Mafinga
Inafaa, ila taa moja tu. Simu zenye taa mbili hutoa kivuli cha pili, ziba moja kwa utepe wa karatasi wenye gundi.