Tupeane uzoefu: wenye bwawa la kuogelea nyumbani hapa Mwanza, maji mnayatunzaje?

Mwanzisha uzi, Buswelu
Mwangaluka wakuu. Bwawa letu lilikamilika mwezi wa nane. Ni mita 8 kwa 4, kina mita 1 upande wa watoto na 2 upande wa pili. Wiki ya kwanza maji yaling'aa, ya tatu yakawa kijani kama mlenda. Fundi alikuwa ameniachia ndoo ya klorini ya chenga na maelekezo mafupi: "Bosi, mwaga kikombe kila asubuhi." Nikamwaga. Watoto wakatoka na macho mekundu, harufu ikafika hadi sebuleni. Nikaona klorini imezidi, nikaacha kuweka. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba harufu ile kali ni ya klorini iliyokwisha kazi, iliyoshikana na jasho na mkojo. Maji yenye klorini ya kutosha hayanuki namna ile. Na kikombe changu cha asubuhi kilikuwa kinaliwa na jua kabla ya saa kumi. Siku hizi naweka jua likizama.

Kilichonitoa ni kipimo cha matone. Klorini isome 1 hadi 3 (miligramu kwa lita), na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, 7.2 hadi 7.6. Yangu ilisoma pH 8.2! Klorini ya chenga inaipandisha, na pH ikishafika 8, klorini inayofanya kazi kweli ni kama robo tu ya ile uliyoweka. Nilikuwa namwaga hela kwenye maji.

Hesabu ni hii, na fundi hakunipa: urefu mara upana mara kina cha wastani. 8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kwa klorini ya asilimia 65, gramu 75 hivi zinapandisha kipimo kwa 1. Nilishusha pH kwanza kwa tindikali, kidogo kidogo huku napima, kesho yake jioni nikapiga dozi ya kupandisha kipimo kwa 10, gramu 750. Pampu ikazunguka usiku kucha, nikasugua kuta zote kwa brashi. Siku ya tatu nikaona sakafu. Hakuna aliyeingia hadi kipimo kiliposhuka kufika 3.

Karibuni na nyinyi, hasa yaliyowaharibikia.

Mdau wa Luchelele
Mkuu, langu ni zito zaidi. Niko karibu na ufuko, nikaona bili ya nini, nikavuta maji ya ziwa kwa pampu ya umwagiliaji. Vijana wakaruka siku hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa mmoja akaanza kuharisha damu. Kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa ziwani na kupenya ngozi. Havisubiri uyanywe maji. Vikikosa mtu vinakufa ndani ya siku mbili hivi, na klorini inaviua, lakini mimi sikusubiri wala sikuweka dawa. Tulipima familia nzima, waliokutwa nacho wakapewa prazikwanteli. Maji ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) nayo yanatoka ziwani, ila yameshatibiwa. Ndugu zangu, lipeni bili.

Mdau wa Igoma
Mimi ni kisima kirefu. Maji meupe kabisa, nikaweka klorini, dakika chache yakawa rangi ya chai ya rangi. Nilidhani nimeuziwa dawa feki. Kumbe maji yana chuma, na klorini inakichoma kinageuka kutu. Nikaweka shabu, nikazima pampu usiku mzima, asubuhi uchafu wote ulikuwa chini. Ufyonze uende nje moja kwa moja, usiupitishe kwenye filta, utaziba mchanga wote ulio ndani yake.

Dada wa Pasiansi
Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi: zimeni taa za bwawani usiku. Wanafuata mwanga. Wakishaanguka, waopoe na wavu alfajiri kabla hawajazama, maana wakioza wanakula klorini yote.

Bibi wa Isamilo
Wanangu, nasoma mnahesabu gramu, vizuri, lakini hamjagusa jambo linaloua. Kijana anayetusaidia hapa alikuta chenga zimebaki kidogo, akachanganya na vidonge vya klorini vya aina nyingine ndani ya ndoo moja, kisha akatia maji. Ilifoka moshi, ndoo ikayeyuka, kijana akakohoa siku mbili. Klorini za aina mbili hazikutani hata kwenye kijiko. Tindikali na klorini ndiyo kabisa, zikikutana hutoa hewa ya sumu. Ziwekeni vyumba tofauti. Na siku zote dawa inamwagwa kwenye maji mengi, maji hayamwagwi juu ya dawa.

La pili, uzio wenye mlango unaojifunga wenyewe. Nina wajukuu wanne. Bwawa halikuwekwa maji hadi uzio ulipokamilika, na baba yao alinung'unika wiki tatu.

Mdau mpya, Nyegezi
Wabeja sana bibi. Swali kwa mwanzisha uzi: pampu unawasha kwa saa ngapi kwa siku, na umeme ukikatika unafanyaje?

Mwanzisha uzi
Shikamoo bibi, nimeshahamisha tindikali leo hii.

Mkuu wa Nyegezi, saa 8 kwa siku. Umeme ukikatika siku nzima, naweka klorini jioni kwa kuiyeyusha kwenye ndoo iliyojaa maji, namwaga nikizunguka bwawa, halafu nakoroga kwa brashi ndefu. Mvua kubwa ikinyesha napima tena hata kama nilipima asubuhi. Mshale wa geji ya presha ya filta ukipanda kwa nusu bari kuliko siku ilipokuwa safi, nageuza maji yaoshe mchanga hadi kioo cha bomba la kutolea uchafu kionyeshe maji meupe. Wewe bwawa lako lina ukubwa gani? Leta vipimo tupige hesabu hapahapa.