Hivi haya mabegi ya ofisi ya mkanda mmoja yanatengenezewa watu gani?? Nimechoka wallahi

Nisameheni naanza bila salamu, bega la kulia linaniuma tangu Alhamisi na saa hii naandika kwa mkono mmoja huku mke wangu kanikanda na kitambaa cha moto mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Mimi si kuli. Mimi ni mtu wa hesabu, kazi yangu ni kukaa na kompyuta, lakini ukiniona utadhani nimeshusha jahazi zima la boriti peke yangu.

Nakaa Malindi na kila baada ya wiki mbili naenda Lamu kukagua vitabu vya nyumba za wageni ambazo bosi wetu anazisimamia, mbili Amu, yaani Lamu mjini, na moja Shela. Sasa miezi mitatu nyuma ikatoka amri ofisini, ati kila anayetoka nje abebe begi la aina moja, jeusi, la ngozi, la kuning'iniza begani, manake mteja akikuona na begi la mgongoni anakuona mtoto wa skuli. Maneno hayo kayasema mtu ambaye begi lake linatoka kwenye gari linakwenda mezani, hatua 20 sikuongezi! Na pesa ati tutoe mfukoni tutarudishiwa. (Hatujarudishiwa, lakini hilo nitalifungulia uzi wake siku nyingine.)

Nikaenda dukani hapa hapa mjini, muuzaji akaniapia ni ngozi orijino, mkanda unabeba hata kilo 20, akalitundika msumarini ati nione lilivyo imara. Begi tupu bwana, litakatika kwa nini? Elfu tatu na mia tano nikatoa kama bwege.

Wale mnaoijua safari ya Lamu mnaijua. Basi linatoka Mombasa, likifika Malindi kiti ulichobakishiwa ni cha nyuma kabisa juu ya tairi, kondakta anakwambia kaka hilo begi weka buti, buti yenyewe ina magunia ya maembe na kuku wamefungwa miguu, na mimi ndani nina laptop ambayo ikivunjika inakatwa kwenye mshahara wangu. Kwa hiyo nalipakata. Kilomita zaidi ya 200 nimepakata begi kama mtoto mchanga, na ile ngozi "orijino" kwa joto letu hili inashika kwenye suruali, ukiinuka suruali imelowa mapajani mbele za watu. Alafu ukishapita Minjila kuna vizuizi, mnashuka wote na vitambulisho mkononi, mnatembea mnapanda mbele, na begi nalo linashuka linapanda. Siwalaumu askari, kazi yao wanafanya. Namlaumu aliyeamua kwamba mzigo wote huu uning'inie kwenye kitu chembamba cha vidole viwili.

Na niwaambie kuhusu ile sponji ya mkanda, manake hapa ndo nilipotaka kulia. Kuna kile kipande cha sponji wanakiweka ati kikae begani kikupunguzie uchungu. Hakikai! Kinateleza. Ukitembea hatua kumi kiko nyuma ya mgongo kinaupakata upepo, na begani umebaki na mkanda mtupu umejikunja kama kamba ya mbuzi unakukata. Unakirudisha, kinateleza tena. Na sababu mkanda wenyewe unateleza, bega unaliinua bila kujijua ili usianguke, sasa fikiria umetembea nusu saa bega moja liko juu karibu na sikio, ukifika umelala unaamka shingo haigeuki. Nilidhani nimelalia vibaya, kumbe ni begi. Nilijua siku nilipojiona kwenye kioo cha hoteli moja, nimesimama mshazari kama mlingoti uliopigwa na kusi.

Basi Alhamisi. Tumefika Mokowe, pale bara tunapopandia boti, maji yamekupwa, nikaingia boti begi nimelikingamisha kifuani kupitia kichwani, manake hiyo ndo afadhali ukiwa nchi kavu, uzito unagawanyika kidogo na begi halikukimbii. Nahodha mtu mzima akanipigia ukelele mbele ya watu wote, "Weye wa begi! Litoe shingoni, ukingia majini utazama nalo!" Na ana haki, laifujaketi juu na begi la kilo tisa umelifunga mwilini hiyo si akili. Nikalitoa nikalishika mkononi. Sasa tunafika Amu, gatini boti zimefungana ubavu kwa ubavu, ya kwetu ni ya tatu, kwa hiyo unaruka boti kwa boti mpaka ufike ngazini, na ngazi maji yakipwa zile za chini zina mwani zinateleza kama zimepakwa bamia. Nikalitia begani nipate mkono wa kujishikia. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili nikasikia TAK. Mlio mdogo tu kama mtu kavunja njugu. Ile klipu inayoshika mkanda na pete, ambayo inang'aa kama chuma, kumbe ni plastiki imepakwa rangi ya fedha, ikapasuka kati na begi likaondoka.

Likaangukia katikati ya boti na boti. Laptop, mafaili, risiti za miezi miwili. Nilichosema hapo sikiandiki hapa. Kuna kijana hamali alikuwa amesimama na pondo, ule mti wa kusukumia boti, mkononi, Mungu amzidishie, akaingiza pondo kwenye kishikio cha juu kabla halijalowa lote akalivua kama anavua pweza. Kona moja tu iliingia maji, faili moja likalowa, laptop ikapona. Nikampa mia mbili, akacheka akaniambia begi hili la kazi gani bwana, hata punda hapakizwi upande mmoja. Nikakosa jibu! Kweli punda wa Amu wote unaowaona na mawe na mchanga wana shogi, ile mifuko ya mzigo, pande zote mbili, mtu aliyefikiria hilo hakwenda chuo kikuu, alimtazama mnyama tu akaona atapinda.

Alafu mtaani. Vichochoro vya Amu vyengine ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, punda akija unajibanza ukutani, sasa wewe una begi limechomoza ubavuni kama mtumba, anapita analigonga, unazunguka kama pia. Kutoka mjini mpaka Shela kwa miguu dakika 40 hivi, mkanda umekatika, nimelikumbatia kifuani kama mwizi wa mto wa kitanda.

Niliporudi Malindi nikaenda kwa yule muuzaji. Jibu lake: ushalitia maji ya chumvi, sasa si neno langu. Nikamwambia klipu ilikatika KABLA ya maji ndo maana likaingia majini, akaniambia lete ushahidi. Ushahidi! Nikuletee nahodha?

Hasira zilizonibaki nikaamua nilipime. Jirani anauza samaki, ana mizani, nikamwomba nikaweka kimoja kimoja wateja wananitazama. Laptop kilo mbili na robo. Chaja nusu kilo. Mafaili mawili kilo tatu na nusu, karatasi ni nzito jamani watu hawajui. Chupa ya maji lita moja na nusu, basi hiyo ni kilo moja na nusu. Pawabenki na vikorokoro robo. Na begi lenyewe, tupu, kilo moja na ROBO. Jumla kilo tisa na robo, yaani kabla sijatia kitu chochote nishabeba zaidi ya kilo moja ya hewa na urembo, vibizimu vya mapambo visivyofungua chochote, mifuko mitatu ya kuweka kalamu. Mtengenezaji kasema tuweke urembo mwingi na klipu ya plastiki. Mwenye samaki akaniambia kwa bei hiyo ungenunua changu mzima ukala na jamaa zako.

Maji yalikuwa ujinga wangu nakubali, Lamu maji yanauzwa, nusu lita inatosha njiani. Faili moja nalo halikuwa na haja, nilikuwa nalibeba kwa mazoea tu. Hayo nishayatoa. Lakini hata ukipunguza, mkanda mmoja ni mkanda mmoja.

Sasa kabla hamjaanza, najua mtakuja na "nunua la mgongoni tu". La mgongoni ninalo nyumbani, nalijua uzuri wake, mikanda miwili ukiikaza likapanda juu likagusana na mgongo, laptop ukaitia upande wa mgongoni na vyepesi nje, huhisi hata nusu ya uzito, na kama lina mkanda wa kiunoni ndo kabisa, nyonga inabeba mabega yanapumzika. Wengi wenu pia mnalibeba vibaya, mmelilegeza linapiga makalio, linakuvuta nyuma, alafu mnalaumu begi. Ubaya wake ni jasho tu, ukifika mgongo ni mto Tana, lakini shati linakauka, shingo haikauki. Tatizo si kwamba sijui. Tatizo ni AMRI. Ofisi haitaki.

Na yule atakayesema "badilisha bega kila mara", ndiyo, nafanya, inasaidia mpaka unapogundua sasa yanauma yote mawili.

Nilichofanya ni hivi. Kuna mzee fundi viatu Langoni, mtaa wa huko Amu, nilimwachia ile Ijumaa kabla sijarudi, nikarudi nalo limepona. Nilimwambia mzee nitilie pete za chuma, akanitazama kwa huruma, "Chuma, mwanangu? Chumvi ya hapa itakula miezi sita tu. Tia shaba." Akatoa pete mbili za shaba za kazi ya mashua, nzito, akakata mkanda wa gari wa zamani, ule wa kiti, upana vidole vitatu, akaushona mara mbili kwa uzi wa nta akapita msalaba pale kwenye pete. Sponji akaishonea mkandani kabisa isitembee. Akaufupisha, akaniambia begi likae juu ya nyonga lisishuke pajani, likishuka linayumba, na likiyumba kila hatua linakuvuta. Mia sita yote. Muuzaji wa elfu tatu na mia tano hakunipa hata pole.

Nimelijaribu jana kutoka nyumbani mpaka stendi na kurudi, limekingama, bega limelalama kidogo tu, na hilo ni la maumivu ya zamani. Ukishika mkanda na mkono pale kifuani huhisi linakukata popote.

Leo asubuhi nimeingia nalo ofisini, bosi kautazama ule mkanda (kweli ni wa kijivu na una maandishi ya kampuni ya magari kwa upande mmoja, nimejitahidi kuyageuza ndani) akasema hilo halionekani la kiofisi, nitafute mkanda kama wa mwanzo. WA MWANZO. Ule uliovunjika!

Jumatano saa moja asubuhi niko stendi na begi langu na mkanda wangu wa gari. Kama analitaka la kiofisi apande yeye lile basi, akae juu ya tairi, ashuke vizuizini, aruke boti tatu maji yamekupwa, alibebe mpaka Shela jua la saa saba, alafu jioni nimkande mimi. Na kama kuna mtu hapa anajua pengine pa kupata pete za shaba Malindi hii aniambie, nataka nyengine mbili za akiba.