Mjadala: Je, mashine ndogo za kusaga zilazimishwe kuongeza madini ya chuma kwenye dona?

Mleta mada: Nchini Kenya, tangu 2012, unga wa mahindi wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa virutubishi, na Tanzania nayo ina kanuni za namna hiyo; lakini mashine za mitaani, ambako familia nyingi hupeleka debe lao la mahindi, kwa vitendo zimebaki nje. Naunga mkono ziingizwe, kwa sharti moja: sheria itaje ni chuma cha aina gani.

Dona ina fitati, kemikali ya asili ya nafaka, ambayo ni ligandi (kitu kinachoshika metali) kwa maana kamili ya kikemia. Fosfati zake hukamata ayoni za chuma na kuunda kitu kisichoyeyuka, kinachopita tumboni bila kufyonzwa, na kwa hiyo kumwagia dona chuma cha kawaida ni sawa na kutia maji kwenye pakacha. Aina ninayotaka itajwe ni chuma kilichofungwa na EDTA, kemikali ya viwandani inayoshika metali. EDTA hushindana na fitati ikashinda, kwa kuwa molekuli yake moja hukizingira chuma kwa atomi sita, mbili za naitrojeni na nne za oksijeni, kisha hukiachia kwenye utumbo mwembamba. Katika chakula chenye fitati nyingi, chuma hicho hufyonzwa mara mbili hadi tatu ya kile cha kawaida cha salfeti.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mleta mada, umesahau kwamba Marekani, kati ya 2003 na 2005, wagonjwa walifariki baada ya kutiwa EDTA mwilini, kalsiamu ya damu yao iliposhuka. Leo unataka tuisonge ugali?

Mleta mada: Sikusahau. Ile ilikuwa EDTA ya sodiamu, iliyoingizwa mshipani ikiwa haijashika metali yoyote nzito, nayo ikaivamia kalsiamu. Hii ya unga huingia tayari imekumbatia chuma, ambacho hukishika kwa nguvu inayoizidi ile ya kalsiamu zaidi ya mara trilioni, na sehemu ndogo tu ya EDTA yenyewe huvuka utumbo kuingia kwenye damu.

Mchangiaji wa pili: Kemia yenu naikubali, wasiwasi wangu ni kijiko. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya chakula na ya afya ya Umoja wa Mataifa, imeweka kikomo cha miligramu 1.9 za EDTA kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kilo moja ya unga yenye miligramu 15 za chuma hiki hubeba takriban miligramu 78 za EDTA. Mtoto wa kilo 12, ambaye kikomo chake ni kama miligramu 23, akila gramu 200 za unga huo atapata 16, na hapo yuko salama. Msagishaji asiye na mizani akizidisha kirutubishi mara mbili, mtoto huyo amevuka mpaka. Kuchachusha unga wa uji au kuutia kimea huvunja fitati yenyewe bila kuhitaji vipimo hivi, na sioni kwa nini hoja yako haikuanza na hilo.

Mleta mada: Hoja ya mizani naipokea. Ila ugali hauchachushwi katika nyumba nyingi, na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anakula ugali, si uji peke yake.