Maswali ya kumuuliza mkopeshaji kabla ya kutia sahihi mkopo wa nyumba

NyumbaYaKwanza
Habari zenu wakuu. Nataka kununua fleti ya vyumba viwili Syokimau, bei Sh6,250,000. Benki imesema itanipa asilimia 80, yaani Sh5,000,000, kwa miaka 20 na riba ya asilimia 14. Sacco yangu nayo inasema ina mkopo wa pesa za KMRC (kampuni ya Kenya inayofadhili wakopeshaji wa nyumba) kwa asilimia 9.5. Nina miadi na wote wawili wiki ijayo. Niwaulize nini hasa, mbali na riba?

HesabuZaRehani
Riba yenyewe hujamaliza kuiuliza. Anza na hesabu. Sh5,000,000 kwa miaka 20 kwa asilimia 14 ni kama Sh62,176 kwa mwezi. Kwa asilimia 9.5 ni Sh46,607. Tofauti ni zaidi ya Sh15,500 kila mwezi, kwa hiyo ofa ya Sacco ifuatilie kwa makini. KMRC haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na Sacco pesa za muda mrefu, nazo zikakukopesha. Kuna ukomo wa mapato na wa kiasi cha mkopo, na hubadilishwa mara kwa mara. Uliza: "Je, ninahitimu kwa masharti ya leo, na riba hii imefungwa hadi mwisho au ni ya miaka ya mwanzo tu?"

Kwa benki, uliza hiyo 14 imejengwa juu ya nini. Mikopo ya riba inayobadilika hupimwa kwa kiwango cha msingi (KESONIA, yaani wastani wa riba ya benki kukopeshana kwa usiku mmoja, au CBR, riba ya msingi ya Benki Kuu) pamoja na nyongeza ya benki iitwayo K. Waambie wakuandikie K yako ni ngapi na ni jambo gani linaweza kuipandisha. Msingi ukipanda riba ikafika 16, malipo yako yanakuwa Sh69,563. Pima mfuko wako kwa namba hiyo. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 84, inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya maandishi ya angalau siku 30 kabla ya kubadilisha riba. Hakikisha mkataba haujaandikwa kana kwamba haki hiyo haipo.

Pia uliza riba inakokotolewa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote wa mwanzo. Kwenye salio linalopungua kwa asilimia 14, malipo ya mwezi wa kwanza yana riba ya Sh58,333, na ni Sh3,843 tu zinazopunguza deni. Ndiyo maana swali la kulipa mapema lina uzito: ukileta Sh200,000 za ziada mwaka wa pili, zinapunguza muda au zinapunguza malipo ya kila mwezi? Kuna faini? Kupunguza muda ndiko kunakookoa pesa nyingi zaidi, lakini sehemu nyingine hawakufanyii hivyo usipoomba kwa barua.

Jingine: makato yote ya mshahara kisheria hayapaswi kupita theluthi mbili. PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya), ushuru wa nyumba na mikopo ya Sacco vyote vimo humo. Mkopo mdogo wa Sacco unaweza kukukwamisha dakika za mwisho. Uumalize kwanza.

MthaminiMachakos
Mimi nakazia uthamini, maana hapa ndipo wengi wanakwama. Benki hukopesha kwa bei ya mauziano au thamani ya mthamini, ile iliyo ndogo. Mthamini akiipa fleti yako Sh5,600,000, asilimia 80 ni Sh4,480,000. Mfukoni utatoa Sh1,770,000 badala ya Sh1,250,000. Uliza: orodha ya wathamini wenu ni ipi, nani analipa, ripoti inadumu miezi mingapi, na mkopo ukikataliwa ninapewa nakala?

Gharama za pembeni ziandikwe moja moja. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, tena juu ya thamani ya mthamini wa serikali ikiwa inazidi bei yako. Kwa bei yako ni Sh250,000. Mnunuzi wa kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu anasamehewa. Kusajili rehani ni asilimia 0.1, hapa Sh5,000. Ongeza ada ya kupanga mkopo, wakili wako, wakili wa benki (naye unamlipa wewe), na VAT ya asilimia 16 juu ya ada za mawakili. Bima ya maisha na ya moto: ni ya kila mwaka, au inapachikwa kwenye mkopo ikazaa riba miaka 20? Naweza kuleta kampuni yangu? Inalipa nikipoteza kazi, au nikifa na nikilemaa tu?

Na kwa kuwa ni fleti: hati yake binafsi chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020 (ya umiliki wa fleti moja moja) imeshatoka? Kama bado kuna hati mama ya mjenzi (ya kiwanja kizima), uliza wazi kama benki hiyo inakubali. Nyingi hazitoi pesa hadi hati ya fleti isajiliwe.

NyumbaYaKwanza
Asanteni sana. Muuzaji anataka asilimia 10 sasa hivi. Nikilipa halafu benki ikakataa?

KaratasiKwanza
Usilipe kabla ya mkataba wa mauziano. Wakili wako aweke kipengele kwamba mkataba unategemea kupata mkopo, na uthamini usishuke chini ya kiasi mtakachotaja, la sivyo amana inarudi yote. Amana ikae kwa wakili wa muuzaji kama mtunzaji tu (stakeholder) hadi mauziano yakamilike, isiende mfukoni kwa muuzaji. Muda wa kukamilisha kwa kawaida ni siku 90. Muulize mkopeshaji: kutoka barua ya ofa hadi kumpa wakili wa muuzaji ahadi ya malipo ni siku ngapi? Kama ni 60, na muuzaji naye ana rehani ya kufutwa, 90 hazitoshi. Omba 120 tangu mwanzo.

Swali ambalo watu wanaona aibu kuuliza: nikikosa kulipa, mnafanya nini? Sheria inataka notisi ya angalau miezi 3, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali atoe notisi ya siku 45. Uliza kama wanakubali kurefusha mkopo ndani ya ile miezi 3, nani ana mamlaka hayo, na riba ya adhabu ni asilimia ngapi na inatozwa juu ya nini, malimbikizo tu au deni lote. Kama umeoa au umeolewa, mwenzi wako lazima atie sahihi idhini kwa nyumba ya ndoa, kwa hiyo nenda naye kwenye hiyo miadi.