Wauza helmeti za baiskeli Tanga mjini, mnatuuzia makopo

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, asiyetaka makelele apite.

Mdogo wangu kanunua baiskeli ya umeme. Kila asubuhi anatoka Pongwe kuja mjini, barabara ileile ya malori ya saruji. Kaingia duka moja hapa Ngamiani kuomba helmeti, akapewa nyeusi, inang'aa, na kioo cha mbele juu yake. Elfu thelathini na tano. "Orijino hiyo, dogo."

Alipoileta nyumbani nikaigeuza. Ndani kitambaa, chini ya kitambaa sponji nyembamba kama soli ya kandambili, chini ya sponji plastiki. Basi! Nikaibonyeza ubavuni kwa dole gumba, ikabonyea. Stika ya ndani imeandikwa CE EN 812.

Jamani, EN 812 ni namba ya kiwango cha Ulaya cha kofia ya mtu wa kiwandani, asijigonge kichwa kwenye bomba akiinuka. Haihusiani na mtu anayeanguka kwenye lami. Ya baiskeli kutoka Ulaya inaandikwa EN 1078, ya Marekani CPSC. Na kinachookoa kichwa ni ile fomu nyeupe ngumu, ileile wanayofungashia TV, si gamba la nje. Inapondeka yenyewe ili pigo lisifike lote kwenye ubongo. Hamna fomu, hamna helmeti. Hata hiyo EN 1078 inapimwa kwa pigo la kasi ya kilomita kama 20 kwa saa, ndiyo maana Waholanzi wakatunga kiwango chao, NTA 8776, kwa baiskeli za umeme zinazofika 45. Sasa wewe unampa dogo kofia ya karakana!

Tukarudi dukani. Mwenye duka anauliza, "Kwani imepasuka?" Nikamwambia, ulitaka ipasuke na kichwa kikiwa ndani? Akanyoosha kidole ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Kisha, eti kutusaidia, akatoa ya mtumba. Hii ina EN 1078 kweli, ila nilipofunua pedi ya nyuma nikakuta ufa umepita kwenye fomu, umezibwa kwa gundi. Fomu ikishapigwa mara moja imemaliza kazi, hata ukiipaka rangi. Nani anajua hiyo ilianguka na nani, wapi? Mtumba vaeni mashati.

Reflekta nazo ni kituko. Kizibao cha njano chenye mistari ya kijivu, ukikipiga picha gizani kwa flashi ya simu mistari inabaki kijivu vilevile. Reflekta ya kweli inawaka nyeupe. Jaribuni hapohapo dukani kabla hamjatoa hela, muuzaji akinuna mwacheni anune.

Halafu mji wenyewe ndio huu, kila nyumba ina baiskeli, tangu enzi za babu zetu. Tumezoea kuendesha kichwa wazi, sawa, lakini babu hakuwa na mota inayomsukuma 40 bila kunyonga pedali. Na sasa naona watoto wa Raskazone na skuta za umeme, vigurudumu vidogo vile, shimo moja tu ushapaa.

Mwenye kujua duka Tanga linalouza yenye fomu na EN 1078 au CPSC, mpya, na linalokuruhusu kufunua pedi uangalie, ataje mtaa hapa hapa hadharani. Wauzaji mliomo humu, msinijie inbox na picha za gamba la nje. Pigeni picha ya ndani.