Romney Marsh au Marden: mzunguko upi wa makanisa ya vijijini unafaa kundi la kwaya?

Mtembezi_K:
Wadau, salaam. Kwaya yetu inataka siku moja ya kutembea mashambani hapa Uingereza, tupitie makanisa ya kale ya vijijini na kuishia pale tulipoanzia, bila kurudia njia. Nimebakiwa na mbili: Romney Marsh kule Kent (Snargate, Brenzett, Brookland, Fairfield), au vijiji vya Marden kule Sussex (North, East na Up Marden). Ijumaa natakiwa kukata tikiti. Ipi bora? Nawasilisha.

Gambuti:
Mkuu, bado hujasema kitu. Mwezi gani? Watu wangapi? Kuna mtoto wa kigari, mzee mwenye magoti mabovu, mbwa? Mnakwenda kwa treni au magari? Disemba kule jua linazama mnamo saa kumi jioni, Juni mnatembea mpaka saa tatu usiku mkiona njia. Hayo mawili ni mashauri tofauti kabisa.

Fundi_Ramani:
Wakati tunamsubiri ajibu, hesabu ni hizi.

Romney: mnashuka kituo cha Appledore (msikitafute kijiji hapo, kiko mbali kama kilomita mbili na nusu), mnakwenda Snargate, Brenzett, Brookland, Fairfield, kisha mnarudi kituoni. Kwa miguu ni kilomita 15 hadi 16. Mwendo wa kundi ni kilomita 4 kwa saa, kwa hiyo saa nne za kutembea, dakika 20 kila kanisa, nusu saa ya chakula. Wekeni saa sita.

Marden: mzunguko wa vijiji vitatu ni kama kilomita 8. Mkiongeza Compton upande wa magharibi mnafika 12. Kuna kupanda na kushuka, kama mita 200 kwa jumla ile fupi. Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa matembezi, inaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, yaani dakika 20 tu. Kinachowachosha watu pale ni kushuka kwenye chaki (mwamba mweupe laini) iliyolowa.

Ramani: Explorer 125 kwa Romney, OL8 kwa Marden. Zote za skeli 1:25,000, sentimita 4 ni kilomita moja. Msinunue ile ya 1:50,000, haionyeshi mipaka ya mashamba, na kwenye matembezi ya namna hii mpaka wa shamba ndio unaokuambia uko wapi.

Bi_Mnara:
Romney bila kufikiri mara mbili. Brookland mnara wa kengele umesimama chini, pembeni ya kanisa, wa mbao tupu, ngazi tatu kama kofia zilizopandana. Ndani kuna birika la ubatizo la madini ya risasi la karne ya 12, limezungushiwa alama za nyota 12 na kazi za kila mwezi wa mwaka. Sogea karibu utazame mwezi mmoja baada ya mwingine, mkulima yuko kazini. Snargate ukutani kuna mchoro wa merikebu. Fairfield kanisa liko peke yake katikati ya malisho, hakuna kijiji, na mabenchi yake yamezungushiwa kuta nyeupe za mbao. Marden mnaona nini?

Chaki_na_Gumegume:
Dada, tunaona vingi. North Marden ni chumba kimoja tu cha enzi za Wanormani, upande wa altare umejengwa nusu duara. Up Marden ni la karne ya 13 na huwashwa mishumaa. Kwaya ikiimba mle ndani haihitaji kipaza sauti. East Marden kuna kisima chenye paa la nyasi mbele ya kanisa, kituo kizuri cha kula. Na hakuna barabara kuu ya kuvuka. Kule Romney mnakatiza A259 na A2070, magari yanakwenda kasi na kundi linakatika vipande viwili, nusu huku nusu kule.

Tope_Magotini:
Barabara ni shida ndogo. Shida ya Romney ni mitaro ya kutolea maji, na waliozoea milima hawaielewi mpaka wameshakwama.

Inakuwa hivi. Mnatoka kijijini, njia ya miguu kwenye ramani ni vistari vya kijani vinavyokatiza shamba moja kwa moja. Ardhini hakuna alama, kondoo wamekula nyasi sawasawa kote. Mnaona kanisa mbele, kilomita moja hivi, tambarare, basi mnalielekea. Mnafika kwenye mtaro wa mita tatu hivi, maji meusi, kingo za tope laini. Daraja la mbao liko mita 200 kushoto nyuma ya matete, halionekani. Kiongozi anasema twende kulia. Kulia mtaro unakutana na mwingine, sasa mko kwenye kona na maji pande mbili. Mmoja anajaribu kuruka, buti linabaki. Mnarudi nyuma robo tatu ya kilomita, na hapo treni ya saa kumi mmeshaikosa. Hakuna mti wa kujikinga upepo.

Dawa: nyumbani, kabla ya kutoka, zungushia kwa kalamu kila mahali njia inapokata mtaro. Hilo ndilo daraja. Tembea kutoka daraja hadi daraja, usilifuate kanisa.

Fundi_Ramani:
Naunga mkono, ila kanisa lina kazi yake. Kwenye ramani hizo msalaba juu ya mraba mweusi ni kanisa lenye mnara wa kawaida, juu ya duara ni lenye mnara uliochongoka, msalaba mtupu halina vyote viwili. Ukiona makanisa mawili upeoni unajua lipi ni lipi. Na kwa kawaida altare iko mashariki na mnara magharibi, hiyo ni dira tosha siku ya mawingu.

Gambuti:
Marden nako msidanganyane. Juu ya chaki kuna udongo wa mfinyanzi, ukilowa kila buti linabeba kilo nzima. Na mishale ya buluu kwenye nguzo za njiani ni njia za farasi, kwato zimeshazisaga, baada ya mvua ni uji. Fuateni ya njano, ya waenda kwa miguu, mnapoweza.

Njia_Haki:
Mkikuta njia imelimwa, msizunguke pembeni kwa aibu. Sheria inamtaka mkulima airudishe ndani ya siku 14 baada ya kulima mara ya kwanza, na saa 24 kwa kazi zinazofuata. Upana usipungue mita moja. Piteni katikati, mmoja nyuma ya mwingine.

Bi_Mnara:
Na ng'ombe wenye ndama? Sheria hawaisomi.

Njia_Haki:
Hapo zunguka, Bi mkubwa. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakakujia, achia kamba, mbwa atakimbia na wao wamfuate yeye.

Mashariki_Safi:
Mbona hakuna aliyetaja The Saints kule Suffolk? South Elmham na Ilketshall, kila kijiji kina jina la mtakatifu, minara mingine ni ya duara.

Tope_Magotini:
Na vibao vyote vinasema Saint fulani mpaka dereva anazunguka mara tatu. Mfinyanzi wa kule ni mbaya kuliko wa Marden. Muulizaji kataja mbili, tubaki nazo.

Mtembezi_K:
Asanteni sana. Ni mwishoni mwa Machi, watu tisa, treni. Mama mmoja ana kigari cha mtoto.

Gambuti:
Kigari! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. Ngazi za kuvukia uzio na vigeti vya kupita mmoja mmoja vinakikataa kote kuwili. Mtoto abebwe mgongoni.

Chaki_na_Gumegume:
Na kwa treni, Marden mtahitaji teksi kutoka mjini. Hilo nakubali.

Fundi_Ramani:
Watu 3 hadi 9 mnapunguziwa theluthi ya nauli nje ya saa za msongamano, tisa ndio mwisho. Akiongezeka wa kumi, gaweni makundi mawili. Angalieni pia ratiba ya ibada: mchungaji mmoja ana makanisa kadhaa na ibada huzunguka, msije mkaingia na buti katikati ya mazishi. Ufunguo wa Fairfield huachwa kwenye nyumba ya jirani, mwaurudisha wenyewe.

Bi_Mnara:
Na fungeni milango, ndege wakiingia hawatoki. Machi ni majira ya kondoo kuzaa Romney, mbwa asiachiwe.

Mfugaji_Molo:
Samahani kuingilia. Hao kondoo wa Romney ndio hawa tulio nao huku Kenya?

Tope_Magotini:
Ndio hao hao, Romney Marsh. Wanahimili ardhi yenye maji, kwato zao hazioziozi ovyo kama za Merino.

Mfugaji_Molo:
Kwato sawa, lakini minyoo ya maini je? Kwenye mitaro hiyo konokono wanaoibeba hawakosekani.

Tope_Magotini:
Wapo. Hata malaria ilikuwepo bonde hilo zamani, kabla maji hayajatolewa vizuri. Kuhusu dawa ya minyoo fungua uzi wako, tutakuja.

Chaki_na_Gumegume:
Mtembezi_K, huyo mama mwenye mtoto anaweza kilomita 16 na mzigo mgongoni?