Naomba ushauri: bei ya kumchora bibi harusi hina na piko
Ndugu wapambaji wenzangu, nawasalimu. Ninachora hina na piko majumbani mwa wateja hapa Tanga, na bibi harusi namtoza shilingi 40,000 kwa mikono na miguu, bila kujali ua alilochagua. Maua madogo madogo yanayopanda hadi viwikoni hunikesha, ilhali nauli na hina vinatoka mfukoni mwangu. Nilijaribu kutoza kwa saa, lakini wenye shughuli wakahisi ninachelewesha makusudi, jambo lililoniumiza, kwa kuwa ua zuri halitaki haraka. Je, nipange bei kulingana na ua, au nibaki na bei moja na kudai nauli pembeni? Na malipo ya awali yawe kiasi gani, ikizingatiwa kuwa wengi hulipa baada ya harusi?